Ripoti za Chumba cha Nyuma

12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta umeketi kitini, maana daktari aliyekuruhusu kutoka wodini aliniambia kwamba unaketi vizuri ukiegemezwa. Sisi huku hatujambo. Baba watoto amehamishiwa zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo sasa tunaonana kama watu waliooana. Binti mkubwa amefaulu mtihani wa ufundi umeme, na tangu hapo hakuna swichi humu ndani iliyosalimika. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, amegoma kucheka mbele za watu.

Nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Najua una simu, lakini nikikupigia unasema hujambo, unaniuliza habari za mvua, kisha unakata. Safari hii nataka uniandikie, na uandike kwa mkono wa kulia, huohuo uliopooza. Hata mistari mitatu. Hata mwandiko ukiwa kama nyayo za kuku. Kuandika ni sehemu ya tiba yako, na mimi ndiye nitakayesahihisha sasa.

Mazoezi tutaanza kama ninavyoanza na wagonjwa wangu wote wa kiharusi hapa kitengo cha tiba ya viungo. Watu wakisikia Pilates, haya mazoezi ya pumzi na uti wa mgongo, wanafikiri ni wale wasichana wembamba wa kwenye matangazo. Wangu ni wazee, ni madereva, ni mama mmoja mwenye ugonjwa wa kutetemeka ambaye sasa anajifunga vifungo mwenyewe. Tunaanza na pumzi. Lala chali kwenye godoro gumu, magoti yamekunjwa, mtu awe karibu. Weka mkono mzima juu ya mbavu. Vuta hewa kwa pua hadi mbavu zitanuke pembeni. Toa polepole kama unapoza chai, na wakati unatoa, vuta sehemu ya chini ya tumbo kwa ndani, kama mtu anayefunga zipu ya suruali iliyombana. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, kwa wiki mbili. Usiongeze kitu. Najua walimu mnapenda kuruka kurasa.

Kuna jambo jingine. Kitengo chetu kinachapisha kijitabu cha mwongozo kwa familia zinazouguza nyumbani, na wamenipa mimi kazi ya kukiandika. Nimemweka humo Mama na kiharusi chake. Ni miaka kumi na tisa sasa tangu afariki, lakini ripoti zako za kila wiki mbili ninazo zote, zimenyooka kama siku ulizozituma. Nilikuwa bado mwanafunzi wa kazi hii huku ugenini. Nilituma mafunzo kwa barua, wewe ukamsomea na kumsimamia, na yeye akafika alipofika. Bila zile ripoti nisingeendelea na kazi hii. Nina pengo moja tu. Baada ya mwezi wa nne wa mazoezi alikwama kwenye kuketi dakika kumi na mbili, na sikupata kujua kwa nini. Ukikumbuka, niandikie. Kijitabu kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa Juni.

Mpwa wako, anayengoja mwandiko wowote

*

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Wasalimie baba watoto na fundi umeme. Mwambie mdogo nami sina ya mbele.

Nimeandika kwa mkono ulioutaka. Ukurasa huu ni siku nne. Pumzi ninafanya. Ananisimamia jirani, muuguzi mstaafu, tunamwita Bi Sindano. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mzito. Ananiambia ninapumua kama mtu anayeficha kitu.

Ya mama yako sikumbuki vizuri. Nimekula chumvi nyingi.

Mjomba

*

27 Februari

Mjomba,

Shikamoo tena. Barua yako nimeibandika kwenye ubao wa kitengo, na wagonjwa wangu wanaisoma kama bango la uchaguzi. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama amesema herufi zako za "m" zina magoti mazuri. Kwetu salama. Baba watoto alikuwa na homa, imekwisha.

Sasa hatua ya pili. Ukiwa umelala vilevile, magoti yamekunjwa, nyayo zote mbili zimekanyaga. Toa pumzi, na wakati unatoa inua nyonga polepole, kipande kwa kipande, kama unabandua uti wa mgongo kutoka kwenye godoro. Usipande juu sana. Mguu mgonjwa utataka kuanguka nje. Bi Sindano aushike goti tu, asikubebe. Shuka kwa mpangilio uleule. Mara sita. Kinachotufaa hapa ni umakini, nguvu haina haraka. Ubongo unatafuta njia mpya ya kufika kwenye ule mguu, na njia haifunguki kwa kukurupuka.

Kuhusu Mama, najua umri, lakini mambo mengine hayasahauliki. Kila kundi jipya la wauguzi ninalolifundisha nalisimulia siku ile ya simu. Unakumbuka? Nilikuomba umwekee simu sikioni, nikamwambia, "Mama, inua mkono wa kulia," nikasikia pumzi yake, halafu wewe ukasema, "Ameuinua hadi begani." Nililia kwenye kibanda cha simu mpaka aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniachia na zamu yake. Hiyo ndiyo sura yangu ya kwanza.

Kwa hiyo tafadhali, ile miezi ya kukwama. Alichoka? Alikataa? Aliumwa? Chochote.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Samahani kwa kukawia. Safari hii si mkono ulionichelewesha. Mkono unakwenda. Ninashika kijiko, ninafunga vifungo vitatu kati ya sita, na nyonga ninainua mara nane bila kushikwa goti. Asubuhi ya juzi nilisimama nimeshika mgongo wa kiti hadi Bi Sindano akahesabu arobaini. Alihesabu kwa haraka, kwa huruma, lakini nilisimama. Daktari wa moyo hakufurahi sana. Anasema miguu inapona lakini mashine imechoka. Nimemwambia tutakwenda hivyohivyo.

Bi Sindano amenuna. Anakuja, ananisaidia, ananihesabia, anaondoka, neno jingine hasemi. Ni wiki ya tatu sasa. Kisa chake nakijua lakini sikiandiki.

Nina ombi moja. Usimweke dada yangu kwenye hicho kijitabu. Una wagonjwa wengi walio hai na wanaoweza kujisemea. Mwandike huyo mama wa vifungo. Mwandike karani wa mahakama. Mwache mama yako apumzike.

Mjomba wako

*

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo, wanakusalimu. Kusimama kwako kumenipa furaha ambayo sikuwa nayo tangu mwaka uanze, nimekuwekea hatua ya tatu kwenye karatasi ya pembeni: kulala ubavu na kufungua goti, kisha kukanyaga ukuta kwa unyayo mgonjwa.

Lakini ombi lako limenikaa vibaya. Unasema nimwache apumzike, kana kwamba ninamsumbua. Kama ni aibu ya watu kujua alilala sakafuni na kuinuliwa miguu, Mama hakuwa na aibu ya namna hiyo. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi miaka ishirini na mitano, aliwajibu mabosi watatu bila kunyanyua macho kwenye mashine. Na siwezi kumtoa tu. Sura ya nne yote imesimama juu yake. Inaitwa "Mgonjwa Anapoishia". Humo ninaziambia familia kwamba wapo wanaopanda vizuri miezi minne halafu wanasimama, na kwamba baada ya kujaribu kwa miezi mitano zaidi, kama ulivyojaribu wewe, si dhambi kumwacha mgonjwa aketi kwa amani bila kumsukuma. Hilo nimelifundisha miaka yote.

Na huyo muuguzi wako amenuna kwa lipi? Nimeanza kuhisi kuna kitu mnazungushana. Niambie, mimi si mtoto tena.

Mpwa wako

*

30 Mei

Mwanangu,

Nimechana barua mbili kabla ya hii. Marahaba, na salamu kwa wote nyumbani. Bi Sindano ameanza kusema nami tena, kwa sharti kwamba barua hii itapita mikononi mwake kwenda posta ikiwa wazi, na ataisoma kwanza. Kwa hiyo siandiki kwa ushujaa wowote.

Huyo Bi Sindano ndiye aliyekuwa akija kumwosha na kumgeuza mama yako kila asubuhi. Mwaka uliofuata kifo chake, ulipopata kibali cha kusafiri ukaja kuona kaburi, yeye alikuwa amehamishiwa zahanati nyingine, na mimi nikashukuru. Amerudi mtaani baada ya kustaafu. Mwezi wa tatu, nilipoinua nyonga kwa mara ya kwanza, alikuwa ameshika barua yako anaisoma kwa sauti ili tusikosee. Alipofika mwisho akaiweka chini, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto alikuwa akituma haya tangu enzi za mama yake?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na wewe ukaniambia ni salamu tu?" Nikasema ndiyo. Akavaa viatu vyake akaondoka.

Dada yangu hakufanya zoezi hata moja.

Nakuandikia tena ili usidhani umesoma vibaya. Hakulala sakafuni, hakupumulia mbavu, hakuinua nyonga, hakuketi dakika kumi na mbili. Alikaa miezi kumi na minne kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, akigeuzwa na Bi Sindano asubuhi na mimi jioni. Mkono wa kulia ulijikunja hadi kucha zikaanza kuingia kiganjani, tukawa tunaweka kitambaa. Nyayo zilinyooka kama za mtu anayechungulia juu ya ukuta. Nilikuandikia kwamba alikufa ghafla usingizini kwa kiharusi cha pili. Si kweli. Alikufa kwa mapafu, kwa sababu ya kulala chali muda mrefu, na alichukua siku tisa.

Ripoti niliziandika mimi mezani kwangu. Unakumbuka zilivyokuwa: "Pumzi, nzuri. Nyonga, anajitahidi. Kuketi, dakika kumi na mbili, aongeze bidii." Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili. Mwanafunzi akikosa mtihani kwa ugonjwa, tulikuwa na utaratibu: unaangalia alama zake za nyuma, unaangalia wenzake, unamkadiria. Hakuna aliyeona ni uongo. Ofisi ilitaka safu ijazwe, tukaijaza. Basi nilikuwa nasoma mafunzo yako kwa makini, mwanangu, kuliko unavyodhani. Nilielewa kila hatua inataka nini, nikakadiria mtu wa umri wake angefika wapi kwa wiki mbili, nikaandika. Nilikadiria vizuri mno. Ulinisifu kwamba ninaona kama mtaalamu.

Na siku ya simu. Waya wa simu ulikuwa unaishia ukumbini. Chumba cha nyuma haukufika, haukuwahi kufika. Ulipomwambia mama yako ainue mkono, ulikuwa unaniambia mimi nikiwa nimesimama karibu na kabati la viatu. Pumzi uliyoisikia ilikuwa yangu.

Utataka kujua kwa nini. Ile barua yako ya kwanza ilisema tuweke godoro sebuleni, alazwe sakafuni, ashikwe huku na kule, mdomo umepinda, nguo zinapanda, na dirisha la sebule linatazama njia. Alikuwa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Sikutaka watu waone. Nikasema nianze wiki ijayo, na wiki ijayo ikafika ripoti ikiwa imeshatumwa, na ukiisha kutuma ya kwanza, ya pili inajiandika.

Mtoe kwenye kijitabu. Nakusihi.

Mjomba wako

*

16 Juni

Mjomba,

Barua yako imefika tarehe sita. Nimekaa nayo siku kumi.

Nimeizuia kazi yangu isiende kwa mchapaji. Nimemwambia mkuu wa kitengo kwamba kisa kikuu cha kijitabu hakikutokea. Aliniuliza nimejuaje, nikasema mjomba wangu ameniandikia. Akaniuliza sasa tufanye nini na sura ya nne. Kijitabu kimesimama.

Nataka nikueleze kuhusu mtu mmoja. Dereva wa malori, miaka arobaini na minane, kiharusi upande wa kulia, kama Mama. Alikuja kwangu kwa miezi minne. Pumzi safi, nyonga safi, akaketi dakika kumi, kumi na moja, kumi na mbili, akasimama hapo. Mkewe alikuwa anamleta kwa kumbeba mgongoni kutoka kituoni, mwanamke mwembamba. Siku moja akaniuliza kama waendelee. Nilimkalisha, nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama yangu mzazi aliishia hapahapa, na alikaa kwa amani mpaka mwisho." Alilia kwa kushukuru, Mjomba. Aliona nimemtua mzigo. Hawakurudi. Ni miaka saba, na nimesikia bado anaketi dakika kumi na mbili. Sijui kama angesimama. Pengine asingesimama. Lakini nilimwachisha kwa mfano wa mtu ambaye hakuwepo, na si yeye peke yake. Nimejaribu kuwahesabu nikaacha.

Sasa nikuulize mambo mawili.

La kwanza. Hiyo sababu ya dirisha na nguo siiamini. Mtu mwenye aibu angeandika "amekataa" na mambo yakaisha. Wewe ulimpandisha wiki kwa wiki hadi dakika kumi na mbili, halafu ukamsimamisha pale kwa miezi mitano, hakupanda hata dakika moja wala kushuka. Nimetoa nakala zangu za barua za mwaka ule nikazipanga na ripoti zako. Barua niliyoandika mwezi wa nne inasema: Mama akifika nusu saa bila kuegemea na akasimama kwa kushika kiti, nitamwombea kibali aje akae kwangu. Ripoti inayofuata ndiyo ya kwanza ya kukwama. Niambie mwenyewe. Usinikadirie.

La pili. Mama alipoteza maneno na kusoma, lakini akili yake ilikuwa mahali pake, wewe mwenyewe uliniandikia. Je, alijua kwamba ninaandika? Kila wiki mbili, kurasa nne, kwa miezi yote ile. Alijua? Au alikufa akiamini nimemtupa?

Mazoezi yako nimeyaambatanisha, hatua ya nne. Wewe ni mgonjwa wa kiharusi, na mgonjwa wa kiharusi simwachi tena njiani. Usiyachukue kama salamu.

Mpwa wako

*

11 Julai

Mwanangu,

Sina haki ya kukuitikia shikamoo ambayo hukuiandika, kwa hiyo naanza moja kwa moja. Daktari wa moyo amekuja nyumbani mara mbili wiki hii, na safari ya pili alikaa kitandani kwangu kama ndugu badala ya kusimama. Nilikuwa mwalimu, najua mtu anapotafuta namna ya kutoa matokeo mabaya. Nikamwambia aseme. Akasema zimebaki wiki, hakusema ngapi. Mguu wangu leo umepanda ngazi tatu. Bi Sindano alicheka hadi akafuta macho, akasema nitakuwa maiti ya kwanza mtaani yenye mwendo mzuri.

Jambo lako la kwanza. Umepanga barua vizuri na hukukosea.

Mke wangu alikuwa amekufa miaka mitatu kabla ya dada yangu kuugua. Hatukujaliwa watoto. Nilikuwa nimestaafu mwaka uleule alioanza kuugua, na mtu aliyezoea kengele kila dakika arobaini akistaafu, nyumba inamla. Dada yangu alipougua nikamleta kwangu, na nakuambia bila haya kwamba ile ilikuwa miezi niliyoishi vizuri. Nilikuwa na mtu wa kumwamkia. Nilimsomea magazeti. Nilibishana na serikali mbele yake na hakunipinga. Jioni niliporudi kutoka dukani palikuwa na mtu ndani. Niliposoma kwamba akifika nusu saa utamchukua, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, na nilichokiona kilikuwa chumba kile kikiwa kitupu. Mwanzo kabisa, ule uvivu na ile aibu ya dirisha vilikuwa vya kweli. Lakini baada ya mwezi wa nne sikuwa mvivu tena. Ningeweza kuanza. Muuguzi alikuwepo, mafunzo yalikuwepo, na mwili wake ulikuwa haujajikunja bado. Nilikaa mezani nikachagua dakika kumi na mbili kwa sababu zilikuwa chache kiasi cha kutosha asisafiri, na nyingi kiasi cha kutosha usije mwenyewe kumtazama kwa hofu. Nilimzuia dada yangu. Hiyo ndiyo sentensi yenyewe, na imenichukua miaka kumi na tisa.

Sasa nami nimelala kwenye chumba hichohicho, ninafanya alichonyimwa, na kinafanya kazi. Kila ninachokipata najua yeye angekipata, pengine zaidi, alikuwa na bidii kuliko mimi. Kiganja changu kilipofunguka mara ya kwanza sikufurahi hata kidogo. Sikuandikii hili unionee huruma. Naandika ujue kwamba mazoezi yako ni ya kweli; sura yako ya nne ndiyo ya uongo, na mwandishi wake ni mimi. Mgonjwa uliyemwandika kwamba ameishia ni mtu anayeweza kusimama akisukumwa, na sasa unaye mmoja kwa ushahidi, mimi. Nimemwomba Bi Sindano apime kila siku iliyobaki, aandike yeye, kwa saa yake, na akutumie yeye. Mimi nisiguse. Kama ripoti hizo zitakusaidia kumrudia yule mke wa dereva, zitumie. Kama hazitoshi, basi hazitoshi.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na nimemwomba Bi Sindano atoke chumbani nikiandika.

Alijua.

Barua zako zilikuwa zinafika saa nne asubuhi. Akimsikia mtu wa posta mlangoni alikuwa anageuza uso upande wa mlango na kubaki hivyo mpaka nije. Nilikuwa naifungua mbele yake. Sikuweza kuificha, wala sikutaka kumnyima furaha ya kuiona. Nilikuwa nashika karatasi, nasema, "Mwanao anakusalimu sana, hajambo, anasoma." Kisha nakunja. Alikuwa ananitazama. Herufi zilikuwa zimemtoka, hakuweza kusoma hata jina lake, lakini alikuwa mpiga chapa, mwanangu. Alikuwa amepima kurasa za watu miaka ishirini na mitano kwa kuzitupia jicho. Alijua kurasa nne zinachukua muda gani kusomwa.

Safari ya tatu au ya nne, nilipotaka kukunja, alinyoosha mkono wake mzima. Akachomoa ukurasa wa pili, akauweka juu ya goti langu, akaugonga kwa kidole. Palikuwa na mchoro wako hapo, mtu amelala na magoti yamekunjwa. Akagonga mchoro. Akajigonga kifua. Akaugonga tena.

Nilimwambia, "Hapo anakueleza kuhusu shule yake, dada."

Alinitazama machoni. Kisha akaurudisha ukurasa ule mahali pake, katikati ya wa kwanza na wa tatu, akazilinganisha kingo zote nne kama alivyokuwa akifanya ofisini, akanikabidhi. Tangu siku hiyo, mtu wa posta alipobisha, aligeukia ukutani.

Kwa hiyo alijua unaandika. Hakuamini hata siku moja kwamba wewe ndiye uliyemtupa.

Hili ni la mwisho kwa mkono huu.

Mjomba wako, kaka wa mama yako